Gari Kuukuu, Pesa Kidogo: Tuanzie Wapi?

(Mada iliyotolewa mbele ya vijana, Shanzu, baada ya Swala ya Alasiri katika mwezi wa Ramadhani)



  Ndugu msomaji, maneno haya yalisemwa kwa mdomo kabla hayajaandikwa, kwa hivyo ukiyakuta yaenda kama mtu azungumzaye barazani usishangae. Nilipoombwa mada nadhani nilitarajiwa nizungumzie umuhimu wa wakati, au vijana na simu. Mada hizo zina wenyewe wazijuao kunishinda mimi. Nikajiuliza: sisi vijana wa Shanzu baada ya tarawehe, tukikaa pale nje na kahawa, huzungumza nini? Twazungumza mpira, na twazungumza magari. Haya basi, leo tuzungumze magari, lakini kwa ilimu kidogo.

Gari ninalolikusudia walijua. Ni Starlet ya miaka ya tisini, au Corolla ile tuitayo 110, au Nissan B12 iliyorithiwa kwa ami. Haya ni magari madogo, yanakunywa mafuta kidogo, na kila fundi kutoka Mtwapa hadi Kongowea ashayafungua. Kwa sheria ya Kenya gari lililozidi miaka minane tangu kusajiliwa mara ya kwanza haliruhusiwi kuingizwa nchini, kwa hivyo Starlet unayoiona leo barabarani ni ile ile iliyoshuka Kilindini zamani, ikapita mikono saba, ikafika kwako. Hazizaliwi tena. Kijana apata shilingi elfu sitini kwa kazi ya hoteli au kwa boda boda, analo gari hilo mlangoni, na roho yake yataka kulifanya liwe zaidi ya lilivyo. Wenyewe husema "kumodifai". Swali ni moja tu: zile elfu sitini zaanzia wapi?

Kabla sijajibu, nisikie mtu akisema jambo hili ni la kipuuzi. Si la kipuuzi hata kidogo. Mwaka 1965 Joginder Singh, fundi wa gereji wa papa hapa Kenya, pamoja na nduguye Jaswant, walishinda Safari Rally kwa Volvo PV544 ambalo lilikuwa limeshatumika kabla yao, gari ambalo umbo lake lilibuniwa miaka ya arobaini. Shekhar Mehta naye akashinda miaka minne mfululizo, kuanzia 1979 hadi 1982, kwa Datsun Violet, ambalo asili yake ni gari la familia la kupeleka watoto shule. Uingereza, kigari cha Mini kilitoka mwaka 1959 na injini ya sisi 848, gari la mtu wa kawaida. John Cooper alipolitia nguvu mwaka 1961 kwa injini ya sisi 997, alilitia na breki za diski mbele wakati ule ule. Hapo ndipo nataka uweke alama, msomaji. Injini na breki ziliingia mlango mmoja. Vijana wetu wengi huchukua ile nusu ya kwanza ya hadithi, kisha wakaifunga kwa rimu.

Sasa tuingie chini ya gari, maana kwetu sisi watu wa pwani kazi yaanzia huko. Fundi wa Nairobi atakwambia anza na injini. Fundi wa Nairobi hajui chumvi! Shanzu, upepo uwe wa Kusi au wa Kaskazi, watupitia baharini kwanza, na waja na chumvi ambayo yaingia mahali usipopaona: ndani ya milango, chini ya zulia, kwenye zile kingo za chini ya mlango unapoweka jeki, na juu kabisa pale springi na shoki ya mbele inapojifunga kwenye bodi. Pahali hapo pa mwisho pakiliwa na kutu, kila tuta unalopanda unapiga nyundo kwenye biskuti.

Na kuna jambo ambalo wengi hawalifikirii. Visima vingi vya huku kwetu, Shanzu, Bamburi hadi Utange, maji yake yana chumvi. Kijana alipenda gari lake, kila asubuhi alioga na gari laoga, na maji ni ya kisima. Likikauka wabaki ule ukungu mweupe. Huko si kuosha, ni kutia nazi na chumvi. Kama maji matamu ni ya kununua kwa mtungi, basi tumia ya kisima kuondoa tope, kisha umalizie na ndoo moja ya maji matamu, na ndoo hiyo ianzie chini ya gari kabla ya kioo na boneti.

Wazee wetu walilijua hili bila chuo. Jahazi halikutoka pwani kabla mbao hazijapakwa mafuta ya sifa, na chini pasipoonekana pakapakwa deheni, ile shahamu na chokaa. Nakshi za bezo na tezi zilikuja, zilipendeza, lakini nahodha hakuanza na nakshi.

Jinsi ya kuangalia kutu ni rahisi, haihitaji pesa. Chukua sumaku ya spika iliyokufa, ifunge kwa kitambaa isikwaruze rangi, ipitishe polepole juu ya magurudumu na chini ya milango. Bati litaivuta. Inapoteleza bila kushika, hapo pana fila, yaani mtu aliziba tundu akapaka rangi juu. Kisha ingia chini na bisibisi, ugonge kwa mpini. Bati zima lalia kengele, bati lililooza lalia kama kisanduku cha karatasi. Ukipata kutu ya juu juu, kwangua kwa brashi ya waya mpaka uone chuma cheupe, acha ikauke kabisa, paka red-oksaidi, kisha rangi juu yake. Ukipaka lami juu ya kutu na unyevu umeufungia kutu chumba chake mwenyewe, na italala humo ikila. Vile vitundu vidogo chini ya milango navyo vizibue kwa waya, ni vya kutolea maji, waliovitia kiwandani hawakuvisahau kuviziba. Na ile desturi ya kupaka oili chafu chini ya gari, najua gereji nyingi waifanya: chuma chafaidika kweli, lakini oili yaharibu mipira, bushi na mipira ya breki, na inayodondoka yaingia kwenye mchanga wa maji tunayokunywa. Mimi siipendi.

Kama bati la kubebea springi limeoza, kalichomelee kwa fundi wa bodi anayejua kazi yake, na ikiwa pesa zote zimeishia hapo, basi zimeishia pahali pake.

Twende kwenye breki. Nataka nikae hapa zaidi.

Kuna kijana wa mtaani kwetu, sitamtaja, yupo na ni mzima alhamdulillahi. Alikuwa na Starlet nyeupe. Akaitia rimu kubwa, muziki, viti vya kubana, na usukani mdogo kama wa mashindano. Gari likapendeza mpaka watoto wa chuoni walikuwa wakiligusa wakipita. Usiku mmoja atoka Mtwapa na wenzake watatu, washuka ule mteremko wa daraja kwa mbwembwe, akashika breki, akashika tena, na mara ya tatu pedali ikazama mpaka sakafuni kama aliyekanyaga mto. Akapita juu ya tuta bila kupunguza, akaingia kando, akasimamishwa na mnazi. Mmoja alivunjika mkono. Ule mnazi ungekuwa mtu, leo tungekuwa tunazungumza mengine. Lilipofunguliwa gari, kila kitu cha breki kilikuwepo. Brekipedi zilikuwa zimebaki nusu. Kilichokuwa kibovu ni mafuta ya breki, meusi kama kahawa yetu, ambayo hakuna aliyekumbuka yalibadilishwa lini.

Sasa sikiza ilimu yake. Mafuta ya breki yana tabia ya kunywa unyevu kutoka hewani. Yale yaandikwayo DOT 3, yakiwa mapya, yachemka kwa nyuzi 205 au zaidi. Yakishakunywa maji kiasi kinachopimwa na watengenezaji, kiwango hicho chashuka hadi nyuzi 140 hivi. DOT 4 yaanzia 230, na yakinywa maji yashuka mpaka 155. Hewa yetu ya Mombasa waijua ilivyo, shati lalowa ukiwa umekaa. Breki ikifanya kazi sana mteremkoni yapata moto, moto ule wafika kwenye mafuta, maji yaliyomo yachemka yakawa mvuke, na mvuke wabanika. Pedali yabana mvuke badala ya kusukuma brekipedi. Ndiyo ile ya kuzama. Gari likipoa breki zarudi, na dereva hudhani aliota.

Mafuta ya breki ni miongoni mwa vitu rahisi kabisa dukani. Badilisha kila baada ya miaka miwili, nunua chupa iliyofungwa, wala usikubali nusu chupa iliyokaa wazi kwenye rafu ya gereji. Na ewe ndugu, usithubutu kutia oili ya injini kwenye kikopo cha breki ati "kwa dharura". Mipira ya ndani yavimba, na breki zote zafa pamoja. Ukiwa huko huko, kunja ile mipira ya breki karibu na magurudumu kwa vidole. Ikionyesha nyufa, ibadilishe. Diski ina unene wa mwisho ambao mara nyingi umeandikwa juu yake, na dramu za nyuma zahitaji kufunguliwa, kusafishwa na kurekebishwa, maana Starlet nyingi zinasimama kwa magurudumu mawili ya mbele tu na mwenyewe hana habari.

Na hesabu hii ichukue. Nguvu ya mwendo yaongezeka kwa mraba wa kasi. Ukitoka kilomita 70 kwa saa ukafika 100, umeongeza thelathini tu kwenye mshale, lakini kazi ambayo breki zatakiwa kuimaliza imekuwa mara mbili. Chukua kalamu: mia mara mia, gawa kwa sabini mara sabini. Sasa wewe umeongeza nguvu ya injini, breki ni zile zile za mwaka 1992. Nani atalipa tofauti hiyo?

Tairi ni ndugu ya breki. Angalia ubavuni mwa tairi utaona tarakimu nne ndani ya kisanduku kidogo, mfano 2319. Hiyo ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi ya mtumba yaweza kuwa na meno mazuri yang'aayo na umri wa miaka kumi na mbili, na mpira wake umekauka. Mvua ya kwanza ya masika ikichanganyika na mafuta ya barabarani pale Bamburi ndipo utakapoijua.

Wapenda rimu kubwa, sikuwakatazeni. Lakini pigeni hesabu. Tuseme gari lako lina tairi 175/70 R13. Namba ya kwanza ni upana kwa milimita, ya pili ni urefu wa ubavu kwa asilimia ya upana huo, ya mwisho ni rimu kwa inchi. Kimo chake chote ni kama milimita 575. Ukitaka rimu ya 14, tairi ya 185/60 yakupa milimita kama 578, na hiyo ni sawa kabisa. Ukitia rimu ya 15 na tairi ya 195/45 wapata kama 556, mshale wa mwendo wakudanganya, na ubavu wa tairi umekuwa mwembamba kama mkate wa mofa. Barabara zetu za ndani, Majaoni na Mwembelegeza, waweza kuzitaja kwa jina la mashimo yake. Ubavu mwembamba ukiingia humo, rimu yapinda.

Kuna makundi mawili hapa kwetu. La kwanza lataka gari lilale chini, la pili lataka gari lisimame juu. La kwanza hukata springi. Nimeona ikikatwa kwa gesi, moto mwekundu, na watu wamekaa wakitazama kama wachoma mishikaki. Springi ile iliivishwa kiwandani kwa joto lililopimwa ndipo ikawa na nguvu ya kurudi. Ukiichoma umeiondolea iva yake. Tena springi yenye mizunguko mitano inayofanya kazi, ukikata mmoja, yawa ngumu kwa robo zaidi, na shoki ni ile ile ya zamani iliyopimiwa springi laini. Gari larukaruka. Gurudumu likining'inia kwenye shimo, springi fupi yaweza kutoka kwenye kiti chake, na hapo gari lakwenda litakako.

Kundi la pili ni la spesa, na hawa nawaelewa zaidi kwa sababu ya matuta na mashimo. Magari ya Probox ndiyo yaliyotufundisha jambo hili, gari la mizigo lililotoka Japani mwaka 2002 ambalo Wakenya wameligeuza lori. Spesa ya inchi moja, ya nyenzo nzuri, ikifungwa na fundi makini, yaishi. Zaidi ya hapo pembe ya shafti za mbele yawa kali, mipira yake yachanika, vumbi laingia, na utasikia "tak tak tak" ukikata kona. Kila ukiinua au kushusha gari, nenda ukapange magurudumu siku hiyo hiyo, na uhakikishe gurudumu likining'inia mpira wa breki haujakazika kama kamba ya ngalawa.

Injini sasa. Najua wengi mlikuwa mwaingojea.

Jambo la kwanza nitakaloliomba ni mrudishe thamostati zenu. Wallahi katika magari kumi ya mtaani nikiyafungua sijui kama nitazikuta tatu. Fundi akiona gari lachemka, la kwanza ni kutoa thamostati akatupa, akakwambia "huku kwetu joto, hii ni ya Ulaya." Maneno matamu hayo, ila si kweli. Kazi ya thamostati ni kuifikisha injini kwenye joto lake la kazi haraka, nyuzi themanini na kitu, kisha kufungua njia. Bila hiyo, ukiwa barabara ya Malindi asubuhi injini yabaki baridi, kompyuta yaona baridi, yaongeza petroli kama mtu aliyewasha gari sasa hivi. Gari la kubana matumizi lageuka la kula. Oili nayo haipati joto la kutosha kufukuza maji na petroli vilivyoingia ndani yake. Halafu ukikwama kwenye foleni ya Kongowea saa nane, gari lachemka vile vile! Kwa nini? Kwa sababu ugonjwa ulikuwa feni, au rejeta iliyoziba, au kile kifuniko cha rejeta ambacho kila mtu hukidharau. Maji hapa usawa wa bahari yachemka kwa nyuzi 100. Kifuniko kizima chayabana mpaka yapite 115 kabla hayajachemka. Kikichoka, umepoteza nafasi yote hiyo. Na kwenye rejeta, tafadhali, maji ya kisima hapana. Tia kulanti na maji yaliyosafishwa. Chumvi tuliyoitoa chini ya gari tusiirudishe ndani ya injini.

Baada ya hapo ni usafi: plagi sahihi, chujio la hewa, oili kwa wakati, kabureta isafishwe ikiwa gari lako bado lina kabureta, mabomba ya hewa yasivuje. Gari la miaka thelathini likirudishiwa afya yake utashangaa wapi nguvu zilikuwa zimejificha. Hiyo ndiyo nguvu ya bei nafuu kuliko zote, na hakuna wa kuipiga picha.

Lile chujio la wazi lenye umbo la pia, liliavyo "fyuuu" ukikanyaga, likikaa uchi karibu na injini lavuta hewa moto. Hewa moto ni nyepesi, na hewa nyepesi ni nguvu kidogo. Umenunua sauti. Ekzosi ni hivyo hivyo. Ukikata sailensa ukaweka bomba tupu, nguvu inayoongezeka kwenye injini ndogo ni kidogo mno, lakini kelele yafika Kikambala. Na angalia sana fundi anayekuhimiza utoe kile kisanduku cha katalitiki akakifanyia wema wa kukitupa. Hakitupi. Ndani mna platinamu, paladiamu na rodiamu, madini ya thamani, na kina mnunuzi wake. Wewe wabaki na moshi na taa ya injini kwenye dashibodi. Kuhusu kelele nitasema moja tu kwa kuwa tuko ndani ya mwezi huu: imamu akiwa katika rakaa ya kumi na mbili, na wazee wamesimama nyuma yake kwa miguu yao iumayo, mtu apita nje na bomba tupu na kukanyaga makusudi. Njia ina haki zake, na sote tulisomeshwa haki hizo kabla hatujajua kuendesha.

Wako wanaotaka injini nyingine kabisa, ile ya Starlet yenye tabo, 4E-FTE, farasi 135 ndani ya gari dogo jepesi. Ni injini nzuri, siwezi kukwambia uongo. Lakini Toyota walipoitia kwenye gari walibadilisha na breki na magurudumu pamoja nayo. Ukiitia peke yake umefanya nusu ya kazi. Tena namba ya injini imo kwenye logibuku. Ukibadilisha injini au rangi, nenda NTSA ukaandikishe, upate na risiti ya mahali ulipoinunua, usije ukasimamishwa na trafiki ukaonekana wewe ndiye mwizi wa injini. Na mwambie mtu wa bima. Mkataba wa bima umejengwa juu ya kusema ukweli. Ukificha mabadiliko, siku ya ajali wao watayaona kabla yako.

Baada ya mada waliuliza maswali. Dada mmoja, huwa anaendesha Vitz ya mamake kwenda kazini zamu ya usiku, alisema taa za vijana zamtia upofu. Ana haki. Balbu za xenoni au LED zikitiwa kwenye taa iliyotengenezwa kwa halojeni, mwanga watawanyika kila upande badala ya kushuka barabarani. Wengine hutia balbu za wati 100 mahali pa 55. Kwa betri ya volti 12, balbu mbili za 55 zavuta ampea kama 9. Za 100 zavuta zaidi ya 16, kupitia waya na swichi za miaka thelathini. Waya wayeyuka. Kwanza ng'arisha vioo vya taa vilivyopiga umanjano, visafishe viunganishi vilivyoliwa na chumvi, utie relei na fyuzi, kisha upange urefu wa taa ukutani. Mara nyingi balbu za kawaida zatosha.

Mwengine, mdogo kabisa, akauliza: "Sasa kaka, gari litapendeza lini?" Watu wakacheka, lakini ni swali zuri. Kwenye zile elfu sitini mimi ningegawa hivi: nusu iende kwenye kutu, breki na tairi. Robo iende kwenye bushi, shoki na mfumo wa kupoza injini. Robo iliyobaki, mwenyewe na roho yako. Rangi ya rimu, vitambaa vya viti vilivyoshonwa na fundi wetu wa hapa hapa, usukani usafishwe, redio moja nzuri. Bei sitaziandika, zapanda na kushuka na dola, na gazeti hili huenda ukalisoma mwakani. Lakini robo ikiisha imeisha. Usiende kwenye mkopo wa simu kwa ajili ya spoila. Ada zile ukizihesabu kwa mwaka mzima utakuta umeununua ule mkia mara mbili, na mambo ya riba mwayajua, hayahitaji mimi.

Waliotaka kuangaliwa magari yao, Jumamosi hii baada ya Alasiri tutakuwa uwanja wa nyuma ya msikiti. Njoo na sumaku, bisibisi, tochi na stendi za jeki, maana hakuna atakayeingia chini ya gari lililobebwa na jeki peke yake. Tutaanza na mafuta ya breki, gari moja moja, kwa zamu. Tende na maji yapo, uji wa futari kila mtu alete kikombe chake.